Mkono wa Mama Asende Katika Ndagala Zangu

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya Swima, kijiji chetu cha pwani, siwezi kuisahau hata nikitaka. Ilikuwa miaka ile ya Wabelgiji, mimi bibi arusi wa juzi tu, nimeshuka kutoka milima ya Fizi. Nikitoka sala, nilimwona jirani yangu ameinama juu ya ndagala zangu, mkono umo ndani kabisa. Nikajisemea, haya, mwizi nimempata.

Ndagala unazijua, samaki wale wadogo wa ziwa letu. Wanawake tulizianika mchangani, kila mmoja na sehemu yake, na yangu ilipakana na ya Mama Asende, mke wa mvuvi, mkubwa kwangu kwa miaka mingi. Mume wangu akirudi na mtumbwi asubuhi, nilijaza kapu, nikamwaga mchangani, kisha chuma cha kanisa kikigongwa nakimbilia sala. Jioni nikizoa, kapu halifiki hata nusu. Nami nilikuwa nimemwahidi mama yangu kule mlimani kapu lililojaa! Kwa hiyo nilipouona ule mkono sikutaka maelezo.

Sikumuuliza. Mtu mwenye shaka haulizi, mwanangu, anaogopa kujibiwa.

Nilichofanya ni kuacha sala. Chuma kikigongwa, wenzangu wanapanda kanisani, mimi nimekaa mchangani nimekodoa macho. Mama Asende akapita.

“Mutoto, leo hauji ku sala?”

“Niko na kazi, mama.”

“Kazi iko kila siku,” akasema, akaenda zake.

Ehee, nikawaza, anataka niondoke. Akirudi mapema kuliko wenzake na kunyoosha mkono upande wangu, namkatia jicho mpaka anaurudisha. Siku tatu nzima nililinda hivyo. Na unajua nini? Ndagala zikapungua vilevile, tena za chini zikaanza kunuka. Mtu mwenye akili hapo angejishuku mwenyewe. Mimi nikasema, basi huyu si mwizi tu, huyu ni mchawi. Nikaanza kumwomba Mungu ampige. Nilipiga magoti kwa ajili hiyo, mwanangu, sikufichi, na nikainuka nikijiona Mkristo mzuri.

Jumapili ile ilikuwa ya Meza ya Bwana. Kabla yake nilikwenda kwa Mzee Wilondja, mzee wa kanisa, mtu wa kuchonga mitumbwi, nikamweleza yote.

“Ulimuuliza yeye mwenyewe?” akasema.

“Hapana, Baba. Muchawi anaulizwa?”

Akaweka shoka chini, akatikisa kichwa. Lakini desturi ya kanisa letu ilikuwa kwamba mtu akishitakiwa, hashiriki Meza mpaka neno lake lisikilizwe. Kwa hiyo Jumapili Mama Asende alikaa benchi ya nyuma pamoja na waliotengwa, na kitambaa chake cheupe kichwani, amekifua vizuri. Hakulia. Alinitazama tu. Mimi nikapokea mkate, nikaumeza, nikaona nimeshinda.

Jumatatu asubuhi Mzee Wilondja akaja mchangani na kapu la ndagala mbichi, limejaa mpaka mdomoni. Alikuwa amemwambia Mama Asende abaki nyumbani. Akamwaga samaki mbele yangu.

“Kaa hapa. Usitoke. Sala yako ya leo iko hii.”

Nikakaa na jua lote la Swima kichwani. Hakuja mtu, hakutua ndege. Jioni mzee akarudi.

“Nani alikuja?”

“Hakuna muntu, Baba.”

“Zirudishe mu kapu.”

Nikazoa mpaka ya mwisho. Kapu lilikuwa nusu. Loo! Nilitamani ziwa linimeze.

“Sasa mwizi iko nani?”

“Jua, Baba.”

“Na hizi za chini, juu ya nini zinanuka?”

Nikaokota moja, nikainusa.

“Juu hakuna muntu aliyezigeuza. Zamani, wakati ulikuwa ku sala, nani alikugeuzia?”

Hapo nililia kwa sauti mbele za watu wote wa pwani. Mimi ni mtoto wa mihogo, mwanangu. Tangu utoto nimeanika mihogo na kuiona ikinywea kwa jua, na hata siku moja sikuikumbuka nilipomwangalia Mama Asende. Shaka ilikuwa imenila akili pamoja na roho.

Nilimkuta Mama Asende akitwanga sombe, majani ya mihogo. Nikaanguka miguuni pake. Akaendelea kutwanga kidogo, halafu akauweka mchi chini.

“Mi nimekusamehe. Simama. Lakini mukono yangu haitaingia tena mu samaki yako bila macho yako.”

Nilidhani ni uchungu wa siku ile. Nilisimama kanisani nikakiri, akarudishwa mezani, tukakaa majirani wema mpaka nikazaa na kuzeeka. Alinifundisha hata kujua samaki aliyekauka kwa kumvunja tu. Ila akitaka kugusa changu aliita kwanza, “Mama, njoo uone!” Siku moja mvua ilinikuta shambani. Niliporudi mbio ndagala zangu zote zimelowa, na Mama Asende amesimama kando yake, amelowa naye, mikono ameikunja kifuani. Alikuwa ameita mpaka sauti ikamwishia. Alikufa akiwa bado ananiita kwanza.

Basi sikia. Usiache sala ili kulinda kazi, maana moyo usiosali hauachi kulinda, unalinda vibaya. Kabla hujashika jembe au kalamu yako asubuhi, muulize Mungu, na umuulize mtu mwenyewe kwa kinywa chako, kabla hujapeleka jina lake kwa wazee. Mimi mpaka leo ni mtu wa shaka, tabia haikunitoka. Ila nimebadilisha ninayemshuku. Kila asubuhi naanza na huyu aliye ndani yangu, na mara nyingi namkuta na hatia.

Mungu akupe jirani wa kukugeuzia samaki wako ukiwa mbali, na siku utakapouona mkono wake, akufumbe kinywa mpaka utakapojua mkono huo unafanya nini. Nenda na amani, mwanangu.