Picha ya Taya la Zainabu

Siku yangu ya kwanza kazini katika hospitali ya serikali pale Singida, enzi za Mwingereza, sikushika dawa wala sindano. Nilipewa beseni la maji ya moto na kioo kidogo chenye mpini, nikaambiwa nisimame kando ya kamera ya kupigia picha za meno. Kioo kile kikiingia mdomoni kikiwa baridi, pumzi ya mgonjwa hukitia ukungu na picha ikaharibika. Basi kabla sijajua kung'oa jino, nilijua kupasha kioo. Wenzangu walinitania kwamba serikali imeniajiri kuchemsha maji.

Mwalimu wangu alikuwa Daktari wa Meno wa Jimbo, ambaye makao yake yalikuwa Dodoma na kwetu alifika mara chache. Alitaka dresa mmoja, yaani msaidizi wa tiba kama mimi, wa kumpelekea picha za wagonjwa, ili aamue kutoka huko nani asafirishwe Dar es Salaam kupasuliwa. Alinifundisha kuvuta midomo kwa vijiko viwili vilivyopindwa, kumkalisha mgonjwa barazani penye mwanga, kisha kujifunika kitambaa cheusi nyuma ya kamera na kurekebisha lenzi mpaka jino lionekane vizuri. Ndani ya kamera ile kila kitu huonekana kichwa chini.

"Uso wa mtu ni wa ndugu zake," aliniambia. "Wewe tazama jino."

Nilimpenda mzee yule, ingawa alikuwa mkali kama pilipili.

Mwaka wangu wa pili aliletwa Zainabu kutoka Ilongero, taya limevimba upande mmoja, hawezi kutafuna hata ugali. Mumewe alikuwa mtoto wa binamu yangu. Mimi na huyo mume tulilingana umri, lakini kwa ukoo mimi nilikuwa baba, na kwa hiyo Zainabu alikuwa mkwe wangu. Kwetu, mke wa mwanao hali mbele yako, wala hakuonyeshi kinywa kikiwa wazi. Alinipigia magoti akanipa shikamoo huku ameangalia ukuta. Nami, mkwe nisiye na ndevu za maana, nilitakiwa nimpanue midomo kwa vijiko.

Muuguzi alimshikia vijiko. Mimi nikajificha ndani ya kitambaa, nikijiambia kwamba humo siye mimi ninayetazama. Nilipokiona kinywa chake, aibu ilinishika nikafumba macho. Lenzi niliirekebisha kwa kubahatisha, nikapiga, nikashukuru Mungu yamekwisha. Zainabu akarudi kwao kungoja majibu.

Picha ilirudi na barua fupi kutoka Dodoma: daktari haoni kitu, na hawezi kumpeleka mtu kwenye kisu kwa kukisia. Mganga Mkuu wa Wilaya akaniita ofisini, akauliza kama kioo kilikuwa baridi. Ningeweza kuitikia, na mambo yangeishia hapo. Lakini nilikumbuka lile taya, nikamwambia kwamba nilifumba macho, na kwa nini.

Aliiweka picha mezani. "Na desturi hiyo haina njia ya kuondolewa?"

"Ipo, Bwana Mganga."

"Basi kesho usije kazini. Nenda kaiondoe."

Nilifunga mbuzi jike kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, nikakanyaga hadi Ilongero huku mbuzi akilia njia nzima na watu wa shambani wakinicheka. Kwetu mkwe akishampa mke wa mwanawe zawadi mbele ya wazee, mke huyo anaweza kula na kufungua kinywa mbele yake. Uvimbe ulikuwa umeongezeka, nikaona uchungu kwamba siku zile zote alizipoteza kwa ajili ya macho yangu. Wazee walimpokea mbuzi. Zainabu akaletewa uji, akanywa funda moja mbele yangu, machozi yakimtoka kwa maumivu. Akainua uso akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Haya, baba," alisema. "Sasa tazama."

Kesho yake alikuja mjini, nami nikatazama. Safari hii picha ilionyesha kila jino lililosukumwa na uvimbe, na mvua zilipoanza alikuwa tayari ameshapasuliwa Dar es Salaam.

Alirudi amekonda, shavu moja limebonyea. Alikuja moja kwa moja barazani, akafungua fundo la kanga, akaanza kula karanga mbele yangu, polepole, kwa upande uliobaki. Nilijifunika kitambaa upesi maana nilikuwa nalia. Humo ndani nikamwona kichwa chini, anatafuna, nikampiga picha. Sikumvuta midomo wala sikuipeleka Dodoma.

Baadaye nilihamishiwa Manyoni, na Uhuru ulinikuta huko. Nimestaafu siku nyingi, kamera nilishaikabidhi. Vijana wa meno wakija kunisalimu nawaambia wapashe kioo na wasifumbe macho. Picha ile ipo ukutani kwa Zainabu, Ilongero. Nikienda kumtembelea anatenga chakula katika sinia moja, anakaa mbele yangu, tunakula.