Ummkulthum na Madumu Mawili ya Maji

Ummkulthum, fundi wa cherehani pale Wete, hakuugua. Hilo lijulikane mapema, maana nusu ya mtaa ilimwombea shifaa.

Kazi yake miaka yote ni ya kukaa. Nesi wa kituo cha afya alipomwambia sukari inapanda, na kwamba mazoezi ya kunyanyua vizito yangemfaa, alirudi kwake akafunga mlango, akajaza madumu mawili ya maji, akawa anachuchumaa nayo na kuinuka mpaka akatota jasho. Mlango aliufunga kwa haya. Mtu mzima, mama wa watu, acheze na madumu mtaa umcheke?

Kulipokucha mapaja hayakunjiki. Kusujudu kulimshinda, akasali kitini. Ndipo jirani yake Bi Mwanapili, mjane mwenye magoti mabovu, alipoingia kuazima kibiriti, akamkuta vile.

"Vyereje, mwanangu? Waumwa?"

"Mwili hauna raha tu, bibi."

Neno hilo lilitosha. Bi Mwanapili akampikia uji wa pilipili manga, akachukua ndoo, akamchotea maji bombani kwa magoti yale yale. Ummkulthum alimtazama akichechemea mlangoni, aibu ikamshika. Madumu mawili yaliyojaa yalikuwa chini ya kitanda.

Wiki ile ile alikwenda kupimwa tena. Kilo mbili zimezidi. Nesi akacheka, akamweleza kuwa misuli ikianza kazi isiyoizoea huvimba kidogo na kushika maji. Maumivu yataisha, uzito utashuka wenyewe, asiache. Aliporudi, Bi Mwanapili alikuwa akimngoja barazani.

"Wamesemaje?"

"Uzito umezidi. Wasema ni maji, yatatoka."

Ukweli wa nusu una madhara kuliko uongo mzima. Bi Mwanapili alikaa chini. Dada yake, Duni, alianza hivyo hivyo, mwili kujaa maji, na mwaka haukumalizika akazikwa. Palepale akaweka nadhiri: Ummkulthum akisali tena kwa kusimama, yeye atafunga siku tatu. Kufika jioni habari zilikwisha enea mtaani, watu wakimwombea.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mficha uzima hawakumsemea kitu, labda hawakumdhania.

Misuli ikalegea. Ummkulthum akasali kwa kusimama, na Bi Mwanapili akafunga katika jua la kaskazi, midomo imemkauka, mwenyewe amejaa furaha.  Alasiri ya siku ya kwanza Ummkulthum akaenda akakaa mkekani kwa jirani yake, akalia, akasema yote.

Bi Mwanapili akauliza:

"Hayo madumu, ukiyanyanyua ukiyapeleka wapi?"

"Sikuyapeleka pahala, bibi."

"Na miye n'kikuchotea ndoo."

"Nisamehe. Futuru basi, usijitese kwa ajili yangu."

"Nadhiri n'limuwekea Mungu, si weye. N'lisema ukisimama ntafunga, na umesimama." Akanyoosha goti lake taratibu. "Nashukuru silo lililomuua Duni. Lakini umenitisha, mwanangu, na hilo sijakusamehe bado."

Ummkulthum akarudi kwake, akayatoa madumu chini ya kitanda, akayabeba mpaka jikoni kwa Bi Mwanapili, akamimina maji mtungini, kisha akaenda bombani kuyajaza tena. Kesho yake mapaja yalimuuma upya, na kila aliyeuliza aliambiwa sababu.