Nilivyompakia mama kwenye baiskeli kutoka Murungu hadi Kasulu, miguu ikiwa imeshasahau pedali

Wakuu, heshima kwenu. Vijana, shikamoo zenu nimezipokea.

Naona humu mnalalamika pumzi imekata baada ya kuacha baiskeli miaka. Ngoja niwape yangu ya miaka ya sabini. Chumvi sitii, umri huu nimuongopee nani?

Kabla ya kwenda Tanga kukata mkonge, nilikuwa natamba kwa baiskeli Kibondo nzima. Huko Tanga nikakaa miaka bila kugusa baiskeli. Narudi kwetu Murungu nakuta mdogo wangu Yustina anaolewa Kasulu baada ya mavuno, na mama kashasema hatakwenda.

Siyo kwamba hakutaka. Basi lilikuwa linamtapisha mpaka anazimia, na kwa miguu magoti yalishagoma. Yustina alilia kila siku.

Mimi nikajitapa: "Mama, nitakupeleka kwa baiskeli."

Mazoezi ya kwanza, kilima kidogo tu nikashuka. Nahema, mapaja yanawaka moto. Mkonge hujenga mikono, wakuu, miguu haiujui.

Halafu kuna hili. Kwetu Buha, nchi ya sisi Waha, aliyerudi kutoka mbali hapiti nyumba ya watu bila kusalimia.

"Mwakeye!" Unashuka, unakalishwa, unaletewa pombe ya ndizi. Ukikataa, umeleta kiburi cha Tanga. Nyumba ya tatu tayari mimi na baiskeli tunaegemeana.

Wiki zinapita, stamina zero.

Jioni moja mama akaniona ninavyoyumba. "Mwana wanje, unafanya mazoezi ya baiskeli au ya kibuyu? Funga gunia la mihogo. Mwenye mzigo nani atamsimamisha?"

Nikafunga. Kweli bwana! Watu wakawa wananisalimia kwa mbali, wengine wananisukuma kilimani. Mwanzoni nilitamani kulitupa lile gunia. Lakini kilima nilichokuwa nakokota baiskeli nikaanza kukipanda nusu, baadaye chote. Nikawa naongeza mihogo mpaka ikawa mizito kuliko mama mwenyewe.

Siku ikafika. Mama juu ya keria, kanga mpya, ananiambia nisimpitishe kwenye mashimo. Tukalala njiani kwa ndugu, asubuhi tukaendelea.

Kilima cha mwisho kabla ya Kasulu akaanza: "Nishushe, utapasuka moyo!"

"Kaa, mama."

Sikushuka. Nilifika juu jasho limejaa machoni, nikapiga kengele kama mwendawazimu. Furaha ile sijawahi kuipata tena.

Yustina alikuwa amegoma kuvaa, hakuamini kama mama atafika. Aliposikia sauti ya mama uani alitoka mbio, miguu peku, akamkumbatia palepale kwenye keria kabla hajashuka. Mimi nimeshika usukani, nasikia baiskeli nzima inatetemeka kwa kilio chao.

Kwa hiyo vijana, pumzi hurudi. Anza taratibu, funga mzigo, usione aibu kukokota. Na kama mama yako bado yupo, mpakie umpeleke anakotaka.

Waliowahi kurudi barabarani, hebu tiririkeni hapa, mliteseka wapi?