Ndoo za Mchanga na Moshi wa Nyanya

Juzi niliingia sokoni Kiwanjani kununua maziwa ya ngamia, nikaona silinda nyekundu ya kuzima moto imetundikwa ukutani, imefutwa vumbi vizuri kama picha ya harusi. Nikacheka peke yangu. Muuzaji akaniangalia vibaya, nikamwambia simcheki yeye. Wacha nikuambie wewe.

Nilikuwa darasa la tatu wakati mstari mzima wa vibanda vya soko hilo ulipoungua. Jiko moja lilianguka mchana, na kwa vile mabati yalikuwa yamebanana hata paka alipita kwa kuomba ruhusa, moto ukatembea kibanda kwa kibanda. Lori la zimamoto lilikuja, likakosa pa kuingilia. Hakuna aliyeumia, lakini jirani yetu muuza miraa alibaki na kiti na kiatu kimoja.

Wakati wa kujenga upya, wauzaji walikubaliana. Katikati ya mistari iachwe nafasi pana ya lori. Kila kibanda kiwe na ndoo ya mchanga mlangoni. Na mtu asiwashe moto ndani. Jirani akachaguliwa kusimamia, akapewa filimbi, na tangu siku hiyo alitembea kama refa wa fainali. Mimi nikaamua nitakuwa zimamoto. Nilijaza mchanga kwa kopo la mafuta ya kupikia, nikawa nalala nalo.

Shida ilikuwa nyanya yangu. Aliuza maziwa na chai, na kwetu vibuyu vya maziwa haviishii kuoshwa na maji. Unachoma kijiti mpaka kiwe kaa, unakitia ndani ya kibuyu, unafunika, unatikisa. Ndiyo maziwa yanakaa bila kuharibika na kupata ile harufu. Nyanya alisikia hiyo sheria, akaona inahusu wapishi wa chapati. Yeye hakuwa anawasha moto. Alikuwa anaosha vyombo.

Asubuhi ya kwanza jirani akaona moshi unatoka chini ya mabati yetu. Filimbi ikalia. Watu wakaja mbio, mchanga ukamwagwa kwa vijiti, kwa vibuyu, kwa maziwa ya siku nzima, na kwa nyanya. Hata mimi nilimwaga kopo langu, na nakiri nililenga vizuri. Nyanya akatoka na vumbi mpaka kwa kope, akamwambia jirani salaam aleikum kwa sauti ndogo sana. Hapo ndipo jirani alipoogopa.

Kamati ya wauzaji ikasema akifukiza tena, atapoteza kibanda. Nyanya akatii, akaosha vibuyu na sabuni. Wateja wakaonja, wakaweka kikombe chini, wakauliza kama ngamia ni mgonjwa. Baada ya wiki mbili benchi letu lilikuwa tupu, na nyanya akaanza kusema turudi Kulamawe kwa dada yake. Nililia sana. Kulamawe hakukuwa na lori la zimamoto.

Kumbe jirani naye alikuwa anateseka. Kila asubuhi alikunywa chai ya nyanya kabla ya kufungua miraa, na sasa alikuwa anaimeza akiwa amefunga macho, kama dawa. Siku moja tukamsikia akichimba. Alichimba shimo kule mwisho wa ile nafasi, pembeni, mbali na mabati yote. Kisha akaja mlangoni, kofia mkononi.

"Mama, fukizia pale. Mimi nitasimama na ndoo."

"Usimame mbali," nyanya akasema. "Mkono wako naujua."

Basi akawa anasimama kila asubuhi, ndoo mkononi, kama askari wa benki, nyanya akitikisa kibuyu bila kumwangalia. Wateja wakarudi wakifuata harufu.

Siku hizi vibanda ni vya mawe, na maziwa yanakuja kwa mitungi ya plastiki, hayana moshi hata kidogo. Nyanya alishatuacha. Mimi nauza viatu, ingawa uzimamoto sijaukatia tamaa. Ile nafasi ya lori bado iko wazi. Nilimuuliza yule muuzaji kwa nini hapajengwi, akasema hajui, hapajengwi tu.

Mwishoni mwa nafasi hiyo nikamkuta jirani, mzee sasa, ameketi chini ya silinda nyingine nyekundu, ndoo ya mchanga kando yake. Akasema hiyo nyekundu hajawahi kuiona ikifanya kazi, lakini mchanga anaujua. Halafu akauliza vibuyu vya nyanya vilienda wapi. Nikamwambia kimebaki kimoja, juu ya kabati, na ukikifungua bado kinanuka moshi.

Akaivuta ndoo karibu na mguu wake.

"Kilete kesho asubuhi," akasema.