Nani Alizidisha Maji Kwenye Ngano?

Nasimiyu alikuwa na tabia ya kuongea na mashine. Akifungua paneli ya umeme, aliisalimia kwanza: "Niaje, mama? Leo kunauma wapi?" Mwaka wake wa kwanza kwenye kinu cha unga wanaume walimcheka mpaka wakachoka. Kufikia 2007, mwaka wake wa tano, hata taa ya ofisi ikizimika ni yeye aliyeitwa. Alikuwa na miaka thelathini na minne, aliishi mtaa wa Rhonda na binti zake wawili, Neema na mdogo wake, na hakuwa amewahi kukutana na mwanamke mwingine fundi wa umeme katika viwanda vyote vya Nakuru.

Kinu kilikuwa cha mzee Balwant, Sikh aliyezaliwa na kukulia mjini humo. Walisaga ngano iliyoshuka kutoka mashamba ya Keringet na pande za huko juu. Mwaka uliotangulia mzee alikuwa amenunua mitambo mipya kutoka Ulaya, na pamoja nayo kikaja kisanduku cha kijivu, kama redio ndogo, kilichofungwa ukutani. Upande mmoja kilishika mashine, upande wa pili intaneti. Kazi yake ilikuwa kuwawezesha mafundi wa kampuni iliyouza mitambo kuingia wakiwa kwao na kurekebisha kitu bila kupanda ndege. Mzee alikipenda sana kisanduku hicho.

"Fundi wa Ulaya anafanya kazi hapa na hanywi hata chai yangu," alikuwa akiwaambia wageni.

Basi mwezi wa sita unga ukaanza kuharibika. Ngano hunyunyiziwa maji kidogo kabla ya kusagwa, ili ganda lilegee. Maji yakizidi, unga hutoka na unyevu na kushikana madonge. Nasimiyu hakuambiwa hayo ofisini. Aliambiwa na Jepkosgei, jirani yake aliyekuwa akipika chapati kando ya barabara.

"Mama Neema, huo unga wenu siku hizi ni uji ama ni nini? Nimekanda, nimekanda, inanishika kama gundi!"

Ofisini, lawama ilikuwa imeshapata mwenyewe. Owino ndiye aliyekaa kwenye kompyuta ya mitambo, na Owino ndiye aliyeitwa mbele ya mzee.

"Maji haiwezi kujiongeza," mzee Balwant alisema. "Kama si mkono yako, niambie ni mkono ya nani. Ijumaa nataka jibu. Kama hakuna jibu, tuachane."

Owino alitoka pale macho mekundu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Nasimiyu alimfuata mpaka kwenye bomba la maji.

"Uliongeza?"

"Nasimiyu, hata wewe?"

"Nimeuliza mara moja tu. Sitauliza tena."

"Sikuongeza."

Nasimiyu alirudi kwenye mtambo. Kompyuta ile iliweka kumbukumbu ya kila badiliko na saa yake, ila hakuna aliyewahi kuisoma kwa sababu ilifichwa nyuma ya kurasa nyingi. Nasimiyu alizipitia moja baada ya nyingine mpaka akaikuta. Maji yalikuwa yameongezwa Jumanne ya wiki iliyopita, saa nane na dakika kumi mchana. Alicheka peke yake. Jumanne hiyo saa nane na dakika kumi Owino alikuwa kwenye kibanda cha chakula ng'ambo ya barabara, amekaa mbele ya Nasimiyu, anamalizia omena. Tena amri ile haikutoka kwenye kibodi ya kinu. Ilipitia kwenye kisanduku cha kijivu.

Jioni hiyo alibeba kitabu cha maelezo ya kisanduku nyumbani, akakisoma huku binti zake wakigombania rimoti ya tivii. Ukurasa wa kumi na mbili aliacha kusikia kelele zao. Neno la siri la kufungulia kisanduku lilikuwa limechapishwa pale, herufi nyeusi, na chini yake maelezo kwamba linafaa kwa visanduku vyote vya aina hiyo. Vyote. Na kama aliyekifunga cha kwao hakuwa amelibadilisha...

Asubuhi ya Alhamisi alipitia saiba ya Nasrudin, duka la intaneti karibu na soko.

"Sasa, dada. Leo mtandao iko pole, usinilaumu," Nasrudin alisema akimwelekeza kwenye mashine ya pembeni.

Aliandika anwani ya kisanduku, namba alizokuwa amezinakili kwenye kiganja kutoka kwenye kompyuta ya kinu. Ukurasa ulijivuta, ukajivuta, kisha ukaomba neno la siri. Akaliandika kama lilivyo kitabuni. Na hapo, katikati ya watu wanaosoma barua pepe za wachumba wao, kinu kizima kikamfungukia: rola za kusagia, mikanda, maji, mpaka king'ora cha mapumziko. Nasimiyu aliondoa mikono kwenye kibodi kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Akafunga ukurasa, akatoka mbio.

Kumleta mzee Balwant saiba hakukuwa rahisi, lakini alikuja. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, kilemba chake kikikaribia kugusa rafu, akatazama kioo cha kompyuta.

"Hii ni nini?"

"Ni kinu yako, mzee. Hebu pigia askari wa geti. Sitagusa kitu ya hatari, king'ora tu."

Mzee akatoa simu. "Kiptanui? Simama hapo, sikiliza vizuri."

Nasimiyu akabonyeza. Sekunde tano zikapita, kisha kwenye simu kikasikika kilio kirefu, na sauti ya Kiptanui juu yake: "Mzee! Watu wanatoka lunch! Na ni saa nne!"

Mzee Balwant alisogeza kiti karibu. "Hebu tena," alisema. Akabonyeza Nasimiyu. Mara ya tatu mzee alibonyeza mwenyewe, akicheka mpaka mabega yakatikisika, na Nasrudin akaja kuchungulia kuna sinema gani.

Kisha kicheko kikakatika.

"Na kama Owino ameingiza mkono ndani ya rola anasafisha," mzee aliuliza polepole, "mtu akiwa hapa anaweza kuwasha?"

"Anaweza, mzee. Hapa, ama mahali popote duniani."

Mzee aliinuka, akaelekea mlangoni.

Walipiga simu Ulaya mchana huo huo. Fundi wa huko aliomba dakika kumi atazame rekodi zake, akarudi na sauti ya aibu. Jumanne ile alikuwa akimsaidia mteja mwingine, kinu cha nchi nyingine kabisa. Alikosea tarakimu moja ya anwani. Kwa kuwa neno la siri ni moja kila mahali, mlango ulifunguka, na kwa kuwa vinu vinafanana kwenye kioo, hakushtuka. Aliongeza maji, akaaga, akaenda zake. Tangu hapo alikuwa akishangaa kwa nini mteja wake bado analalamika.

"Hakuna mwizi," mzee alisema alipokata simu, na alionekana kama angependelea awepo.

Nasimiyu alibadilisha neno la siri. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuamini haraka, alijaribu jingine alilolikuta nyuma ya kitabu, la mafundi wa kiwanda kilichokitengeneza. Kisanduku kikafunguka tena. Aliuliza Ulaya namna ya kulifuta hilo. Walimjibu kwamba halifutiki, limejengewa ndani.

"Sawa," alisema, akapanda ngazi, akachomoa waya wa intaneti. Kuanzia siku hiyo utaratibu ukawa huu: mafundi wa Ulaya wakihitajika, wapige simu kwanza. Nasimiyu anachomeka waya, anasimama pale mpaka wamalize, anachomoa.

Ijumaa mzee Balwant aliwakusanya wafanyakazi wote uani. "Owino, nilikukosea," alisema mbele yao. "Naomba msamaha." Owino aliitikia kwa kichwa tu. Kununa hakukumwisha kwa wiki mbili, na hakuna aliyemharakisha.

Habari zikasambaa. Kufikia mwezi wa tisa, viwanda vitatu vya Nakuru vilikuwa vimemwita Nasimiyu aangalie visanduku vyao, kisha akaitwa na shamba moja la maua karibu na Longonot, lililokuwa na vyumba vya baridi. Meneja alimpokea kwa mashaka, akamwangalia juu mpaka chini.

"Mathe, unamtafuta nani?"

Nasimiyu alikuwa ameshakiona kisanduku ukutani. Juu yake kulikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa selotepu, na neno la siri limeandikwa kwa kalamu nyekundu.

"Nimemwona tayari," alisema, akaanza kufungua begi la vifaa.