Sufuria ya Ng'ombe

Mimi ni mtu wa kushuku, na sikuanza na mama mkwe. Fundi wa simu akiniambia atabadilisha kioo tu, nasimama hapo hapo mpaka amalize. Nilizaliwa Nakuru mjini, kwenye nyumba za reli, ambako babu yangu alifika kutoka magharibi kufanya kazi ya gari moshi. Kuta zilikuwa nyembamba hivi kwamba ulijua jirani anapika nini na amemnyima nani. Kule nilijifunza kwamba chakula hakipotei chenyewe.

Miezi mitatu ya kwanza ya mimba yangu nilitapika hata maji. Mwezi wa nne ulipokuwa unaisha, kichefuchefu kikaniacha siku moja bila kuaga, na mahali pake ikaja njaa. Si njaa niliyoizoea, ile unayoweza kuibembeleza ingoje saa saba. Hii ilinikuta nimetoka kula. Nilikuwa namaliza chai na mkate, naosha kikombe, na kabla kikombe hakijakauka mikono yangu inatetemeka. Kazi yangu ilikuwa kusuka nywele, kazi ya kusimama, na daktari alikuwa ameshaniambia nipunguze kusimama. Mume wangu anaendesha lori la mbao kutoka Elburgon na hulala nyumbani siku mbili kwa wiki akijitahidi. Mama yangu mzazi alisharudi magharibi zamani. Basi ikaamuliwa, nami nikiwepo lakini bila kuulizwa sana, kwamba niende Dundori kwa mama mkwe mpaka nijifungue.

Mama mkwe wangu ni mjane, anaishi peke yake na ng'ombe wawili, kuku, na shamba la viazi linaloteremka mpaka kwenye kijito. Ni mtu wa maneno machache. Siku ya kwanza alipika githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha. Nilikula nikamwambia, kwa heshima kabisa, "Mama, chakula ni kitamu, lakini hakina chumvi." Alinitazama, akatazama sahani yangu, akaendelea kula. Yeye ana presha na hatii chumvi. Mimi nikaandika moyoni: huyu nimeshamkosea siku ya kwanza.

Na kweli, kuanzia siku ya tatu nikaona sahani yangu inapungua. Anajipakulia yeye, mwanamke mwembamba wa miaka sitini na kitu, kilima cha mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi. Mimi ananipa kijiko kimoja na nusu. Mayai aliyaokota kila asubuhi akayatia kwenye aproni, na sikuyaona tena. Parachichi zilikuwa zimelala kwenye gunia zikiiva, naambiwa si zangu. Stoo ilifungwa kwa kufuli, na ufunguo ulining'inia shingoni mwake kwa kamba ya kiatu.

Nilipomuuliza alinijibu bila kugeuka. "Hii miezi ndio mtoto ananenepa. Ukikula ovyo ovyo atakuwa mkubwa, halafu watakupasua. Mayai na avokado wachana nazo mpaka uzae. Ukizaa nitakulisha mpaka ukatae."

Nilimpigia mume wangu. Akasema ni kweli, wanawake wa ule upande ndivyo wanavyofanya, na mama yake ana sababu. Mdogo wa mama yake, yule wa mwisho, alikufa akijifungua, mtoto alikuwa mkubwa na gari halikupatikana mapema. "Wewe vumilia tu, mama," akaniambia. Picha ya huyo mdogo wake ilikuwa sebuleni, msichana mwenye mwanya, imezungushiwa maua ya plastiki. Niliiangalia mara nyingi. Nasema ukweli, sikuiamini. Niliona ni sababu nzuri mno, ya mtu ambaye hawezi kuja kuulizwa. Sababu niliyoiamini mimi ilikuwa nyingine: alitaka mwanawe aoe msichana wa hapo Dundori, anayejua shamba, si binti wa nyumba za reli ambaye ukoo wake hakuna anayeujua. Hakuwa amesema hivyo hata siku moja. Lakini mtu wa kushuku hahitaji kuambiwa.

Kliniki ya mwezi wa tano tulienda mimi na mama mkwe. Yeye alibaki kwenye benchi nje. Muuguzi alinipandisha kwenye mizani, akatazama kitabu changu, akanishusha, akanipandisha tena.

"Mama, unakula?"

"Nakula kinachopatikana."

"Kilo zako hazijasonga tangu mwezi uliopita. Hapa ulipofika zinafaa kupanda."

Akanieleza, na nilimsikiliza kwa makini kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniambia njaa yangu si uchoyo. Alisema miezi mitatu ya kwanza mwili haudai mengi, lakini kuanzia wa nne mtoto anajenga mifupa na nyama, damu ya mama inaongezeka, na mwili unaleta madai yake. "Si kula ya watu wawili, hiyo ni uongo," akasema. "Ni kama kalori mia tatu hivi kwa siku, juu ya ile chakula yako ya kawaida. Lakini hata hiyo ya kawaida naona huli."

"Mia tatu ni chakula gani?"

"Kiazi kimoja kikubwa, yai moja, kikombe ya maziwa. Ni hiyo tu. Lakini ukikosa kila siku, mtoto atazaliwa mdogo, na mtoto mdogo ni shida kumlea."

Karibu nicheke. Vitu vyote vitatu vilikuwa kwenye boma nililolala. Njiani nilimrudishia mama mkwe kila neno, kwa sauti, na lile la mtoto kuzaliwa mdogo nikalisema mara mbili. Alitembea mbele yangu na kitambaa chake cha kichwa, asigeuke. Tulipofika kwenye geti akasema, "Hao wasichana wa kliniki hawajazaa." Jioni akanipakulia kijiko kimoja na nusu, kama kawaida.

Kesho yake ndipo nilipoiona sufuria. Ilikuwa nyuma ya banda la ng'ombe, juu ya mawe matatu, imefunikwa kwa mfuniko na gunia juu yake. Sijui kama ilikuwa pale siku zote, maana huko nyuma nilikuwa sipiti. Mama mkwe alinikuta natazama.

"Hiyo ni ya ng'ombe," akasema. "Usiguse." Kisha akabeba mtungi wake na kusimama langoni, akapaza sauti kama anaongea na kiziwi. "Mimi napeleka maziwa. Nitakawia!"

Nikasema moyoni: mtego. Kwa nini mtu asiyesema neno zima siku nzima aje anitangazie safari yake? Siku hiyo sikugusa. Nilikaa kwenye kigoda nikiitazama njia, nikiwa na hakika amejificha kwenye mahindi. Siku ya pili, alipotangaza tena, nilifunua. Ndani kulikuwa na viazi vidogo, vile visivyouzwa, vimechemshwa na maganda yake. Nilikula vinne nikiwa nimesimama, na machozi yakanitoka. Sikulia kwa huzuni. Vilikuwa vitamu. Vilikuwa na chumvi.

Hiyo chumvi nayo niliitolea hesabu mara moja. Bandani lilining'inia pande la chumvi ambalo ng'ombe walililamba kutwa. Nikasema, ng'ombe hupenda chumvi, ndiyo maana anawatilia.

Tangu siku hiyo nikawa mwizi wa kila siku. Asubuhi akienda na maziwa, na saa kumi akienda kukata majani, naye hakuacha kutangaza. Jioni alipita kwenye sufuria, akafunua, akatazama ndani muda mrefu, akafunika. Anahesabu, nikasema. Kwa hiyo nikabuni akili: nilitia mawe mawili chini ili viazi vilivyobaki vionekane vingi. Asubuhi iliyofuata mawe yangu yalikuwa yamewekwa pembeni, yameoshwa, na sufuria imejaa kuliko jana. Sasa amejua, nikawaza, na ananingoja tu ninase ili aende akanitangaze kanisani kwamba mke wa mwanawe anakula na ng'ombe. Nilimwangalia Jumapili nzima. Aliimba nyimbo zote, hakutangaza kitu.

Kliniki iliyofuata kilo zilikuwa zimepanda, vizuri kabisa. Muuguzi akanipiga bega. Nje, mama mkwe aliomba kitabu. Akakipeleka mbali na macho, akakileta karibu, akaweka kidole juu ya ile namba.

"Zimepanda?"

"Zimepanda," nikamjibu, nikimkazia macho.

Alinirudishia kitabu. Jioni hiyo akanipakulia kijiko kimoja. Ile nusu aliiacha kwenye chungu.

Hapo ndipo nilipolipuka, ingawa nilingoja Jumamosi mume wangu afike, kwa sababu nilitaka shahidi. Sahani ilipowekwa mbele yangu niliisukuma mpaka katikati ya meza. Nilimwambia mume wangu kwamba mama yake hataki mtoto wangu azaliwe. Nilimwambia ananifungia chakula, ananipangia njaa, anataka nimzalie kitoto kikonde ili aseme damu yetu ni mbovu. Nilimwambia kwamba mjukuu wake amekua kwa chakula cha ng'ombe. "Muulize! Mimi nakula na ng'ombe hapa, nyuma ya banda, kama mwizi!"

Mume wangu alimgeukia mama yake. "Mum, ni ukweli?"

Mama mkwe alikuwa ameshika mwiko. Aliutazama, akautia chunguni, akafunika chungu. Nilimwona akitupia jicho ile picha ya msichana mwenye mwanya, mara moja tu. Kisha akasema, "Mpeleke town. Atakula vile anataka." Akatoka nje na vyombo, na sisi tukabaki kusikia maji yakimwagika. Nami nikasema: umeona? Hata hajakataa.

Nilirudi Nakuru, nikala mayai mpaka nikayachukia. Mtoto alizaliwa kwa njia ya kawaida, msichana wa kilo tatu na nusu, mwenye sauti. Mama mkwe alikuja wodini siku ya pili na chupa ya uji wa wimbi na bakuli la njahi, yale maharagwe meusi wanayopewa waliojifungua, amevaa koti lake la kanisani. Alimimina uji kikombeni, akaninyooshea. Nami, mbele ya wanawake wote wa wodi ile, nilimwambia, "Onja kwanza, Mama."

Alionja. Alikunywa mafunda mawili, akafuta ukingo wa kikombe kwa kanga ya mtoto, akanipa. Mwanamke wa kitanda cha pili akageukia ukutani. Sikuona haya siku ile. Niliona nimejilinda.

Mtoto alipoanza kukaa mwenyewe, mume wangu alisema ni lazima aonyeshwe bibi yake. Tukapanda Dundori asubuhi yenye ukungu. Walikuwa wamevuna, boma lote linanuka udongo mbichi. Mume wangu alibaki akifunga gunia, mimi nikazunguka nyuma ya banda na mtoto mgongoni. Nadhani nilitaka kuiona tena ile sufuria, kama mtu anavyorudi kutazama mahali alipoanguka.

Haikuwepo. Mawe matatu yalikuwa yameota majani. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda na panga, anakatakata viazi vidogo vibichi, na kila akijaza karai anawamwagia ng'ombe. Walivitafuna hivyo hivyo, na udongo wake.

"Mama," nikamwambia, "siku hizi huwapikii?"

"Kuwapikia nani?"

"Ng'ombe."

Aliinua uso akanitazama, kwa mara ya kwanza nadhani, kama mtu anayetaka kucheka. "Ng'ombe gani hupikiwa viazi? Wewe uliona wapi?"

Mtoto alikuwa ananivuta nywele. Nilikumbuka yale mawe mawili yaliyooshwa, na ile sauti langoni, nitakawia, nitakawia. Nikaelewa pia kwa nini hakujitetea usiku ule. Angejiteteaje? Mbele ya mwanawe na mbele ya ile picha, angekiri kwamba sharti alilolishika tangu azike mdogo wake, yeye mwenyewe alikuwa analivunja mara mbili kwa siku. Kama ningekufa nikijifungua, ingekuwa ni kwa sababu ya viazi vyake. Mezani alininyima kwa sababu aliogopa, na huku nyuma alinilisha kwa sababu aliogopa vilevile. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

"Na ile chumvi?" nikauliza. Sauti yangu ilikuwa ndogo.

Alichukua kiazi kingine, akakigeuza kutafuta upande mzuri wa kukata.

"Si ulisema siku ile ya kwanza chakula yangu haina chumvi," akasema.