Shemeji Paili na Maji Yasiyowaka

Shemeji yangu Paili amelinda mlango wa maji wa shamba la kambamiti hapa kijijini kwetu Kumbalangi tangu sijaolewa na mdogo wake. Mjuaji huyo! Kila Aprili, chumvi ikikolea na kavaru, ule mwanga wa vijidudu unaotoka maji yakitikiswa, kuanza kuwaka buluu majini, sharti awe yeye wa kwanza kutangaza. Sisi wengine hatuna macho.

Mwaka jana, jioni moja, alichota maji kiganjani, akayaonja, akapaza sauti: "Haya, imekuja! Oneni inavyowaka!"

Tukakimbia. Maji yalikuwa meusi tii. Niliyapiga kwa kasia, hata cheche moja haikutoka. Nikafungua mdomo nimcheke, mkewe Thresya akanifinya.

"Inawaka, mume wangu," akasema. "Inapendeza."

Paili akatabasamu, uso kaugeuzia upande tusiokuwapo. Hapo nikaelewa, na moyo ukaniuma. Alikuwa akikisia kwa ulimi. Mwenye shamba angesikia kwamba mlinzi wake haoni, kazi ingekwisha siku hiyo hiyo, na bila ule mlango sijui Paili angekuwa nani.

Nyumbani Thresya akambana. "Kesho hospitali."

"Na mlango ataufungua nani?"

"Mimi na mke wa mdogo wako."

"Nyinyi? Kambamiti watawacheka!"

"Wacheke wakiwa wavuni."

Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, akayapasua moja baada ya lingine. Kwa wiki sita tulimdanganya mwenye shamba kwamba Paili anaumwa mgongo, tukawa tunainua mbao za mlango wenyewe kila maji yakipwa, kambamiti waingie wavuni. Viganja vilichubuka, acha tu.

Mvua ya Juni ikaja, ikazimua chumvi, kavaru ikaenda zake. Jioni Paili aliporudi kazini nilishindwa kuvumilia. Nikayavuruga maji. "Shemeji, ona inavyowaka!"

Akainama. Thresya alikuwa ameshika rozari.

"Inawaka wapi? Hamna kitu hapo! Na huu wavu nani kaufunga? Tundu lote hilo pale chini, kambamiti wanapita kama wanakwenda misa! Ubao wa pili nao mmeugeuza juu chini. Wanawake, mlikuwa mnafanya nini hapa?"

Thresya akaketi matopeni, akalia, "Asante Mungu, asante." Mimi nikamwomba shemeji aendelee, asituachie hata kosa moja.